Je, Wajua? Nywila Moja Iliyokosewa Yaweza Kuzima Seva Nzima

Mkulima wa alizeti kule Iramba, Singida, akikosea nywila kwenye mfumo wa mauzo, anaweza kuwatoa hewani watumiaji wote. Si udukuzi. Ni seva iliyojaribu kumjibu mara mbili.

Kanuni za HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, huruhusu jibu moja tu la mwisho kwa kila ombi. Lakini katika Node.js (jukwaa la kuendesha JavaScript kwenye seva), iliyobuniwa na Ryan Dahl mwaka 2009, kutuma jibu hakusimamishi msimbo. Nywila ikikosewa, seva hutuma msimbo wa jibu 401, yaani hujatambuliwa. Kisha mstari unaofuata hutaka kutuma 200: karibu ndani! Ni kama mlinzi anayekufukuza langoni huku akikufungulia geti. Jibu la pili hugonga mwamba, na kwenye skrini ya fundi hutokea ERR_HTTP_HEADERS_SENT.

Tangu toleo la 15, la mwaka 2020, kosa kama hilo likitokea ndani ya msimbo wa async (usiosubiri kazi moja iishe) bila kudakwa, Node.js hujizima. Express 5, toleo la mwaka 2024 la fremu ya wavuti ya Node.js, hulidaka lenyewe.

Dawa? Neno la herufi sita mbele ya jibu la kwanza: return.