GARI NALO LINA KIPANDE CHAKE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mpenzi msomaji, ukipita mtaani kwetu Umoja siku ya Jumamosi, hukosi kuona watu wamelizunguka gari linalouzwa. Mmoja apiga magurudumu teke, mwingine asikiliza injini, wa tatu asifia rangi. Broka naye hachoki: "Hii gari ni safi, haina maneno!" Lakini ni nani anayeuliza kama gari lenyewe ndilo lililoandikwa katika logibuku?

Mjomba wangu hakuuliza. Alitoa akiba ya miaka sita, akanunua gari la kufanyia teksi. Mwezi haukuisha, polisi wakalichukua. Kumbe lilikuwa la wizi! Pesa hazikurudi, broka naye akawa haonekani. Ndiposa nimeonelea niwaeleze wenzangu jambo hili.

Gari lina nambari tatu. Ya kwanza ni ile ya usajili, iliyo kwenye kibao mbele na nyuma. Hii usiitegemee peke yake, kwani kibao hufunguliwa kwa bisibisi kwa dakika chache tu.

Ya pili ni nambari ya injini, iliyochongwa kwenye chuma cha injini yenyewe. Hii nayo yaweza kubadilika bila uhalifu wowote. Injini ikifa, mwenye gari huenda Kariobangi Light Industries au Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, akanunua nyingine. Yampasa tu mabadiliko hayo yaandikishwe.

Ya tatu ndiyo kipande cha gari: nambari ya chesisi. Hii hupigwa kwenye mwili wa gari kiwandani. Katika Toyota nyingi ndogo, fungua boneti utazame ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na viti. Katika pikapu kama Hilux, inama karibu na gurudumu la mbele la kulia, uangalie ule mhimili wa chuma.

Magari mengi yaliyotengenezewa nchi nyingine huwa na nambari yenye herufi na tarakimu 17. Herufi ya kwanza hudokeza kwao: J ni Japani, W ni Ujerumani. Herufi I, O na Q hazitumiki kamwe, maana zingechanganywa na 1 na 0. Ukiziona humo, shtuka!

Lakini magari mengi ya mitumba hapa Kenya yalitengenezewa soko la Japani, na nambari zao ni fupi. Chukua Corolla inayoanza na NZE121, kisha kistari na tarakimu saba. NZ ni ukoo wa injini, E ni Corolla, na 121 ni toleo lake. Basi ukikuta injini yake haitoki katika ukoo wa NZ, uliza sababu.

Utaniuliza, mbona mwizi asisage hiyo nambari apige nyingine? Husaga! Lakini chuma si karatasi. Nambari inapopigwa, hukandamiza chuma hadi chini ya pale panapoonekana. Hata uso ukisagwa, wapelelezi wakipaka dawa ya asidi, mara nyingi ile ya zamani hujitokeza tena. Wewe huna asidi, lakini macho unayo. Tazama kama herufi zimepinda, kama pana alama za msasa au za kuchomelea, au kama rangi pale ni mpya kuliko kwingine.

Kabla ya kulipa, fanya mambo matatu. Soma nambari ya chesisi mwenyewe, usisomewe. Ilinganishe na logibuku, herufi kwa herufi. Kisha tafuta rekodi ya gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kupitia eCitizen, uone kama jina la mwenyewe ni la huyo anayekuuzia. Akikuharakisha ati kuna mteja mwingine njiani, mwachie huyo mteja.

Siku hizi mjomba huendesha teksi ya mtu mwingine. Siku alipokabidhiwa ufunguo, hakuingia ndani kwanza. Alifungua boneti.