Daftari la Joto la Oxford

Katika mji wa Oxford, nchi ya Uingereza, mna bustani ambamo kimesimama kisanduku cheupe chenye miguu. Kuta zake ni za vibao vyenye nafasi, ili upepo upite wala jua lisiingie. Ndani yake hukaa vipimajoto. Joto la mahali hapo limeandikwa kila siku tangu Novemba 1813. Hata wachunguzi wa nyota walipohamia Pretoria, Afrika ya Kusini, katika miaka ya 1930, walimu wa jiografia wa chuo kikuu waliipokea kazi hiyo.

Kazi yenyewe ni nyepesi, ila haina likizo. Mpimaji husoma joto kubwa na joto dogo la siku, akayajumlisha, akagawanya kwa mbili. Mwezi ukiisha, hesabu za siku zote hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi ya siku. Ndiyo wastani wa mwezi. Siku iliyosahauliwa hairudi, wala haifai kuikisia. Na kisanduku kikisogezwa karibu na ukuta, taabu huzuka, kwa maana ukuta hushika joto la mchana na kulitoa usiku.

Kwa daftari hilo yajulikana kwamba wastani wa Januari 1963 ulikuwa chini ya digrii 0, na mto Thames uliganda mjini humo. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika digrii 38.1, joto ambalo halikuwa limepata kuandikwa hapo. Wazee husema tu kwamba zamani baridi ilikuwa kali zaidi. Daftari laonyesha ni kwa kiasi gani.