Soketi ya Umeme Katika Pikipiki

Bila shaka umewahi kuona pikipiki za kubebea abiria zikiwa zimejipanga kituoni, madereva wakingoja wateja. Ukitazama kwa makini penye usukani, utaona kwamba nyingi zina kijisanduku chenye tundu la kuchomekea waya wa simu. Hiyo ni soketi. Mara nyingi soketi hiyo haikutoka kiwandani pamoja na pikipiki, bali imeongezwa na fundi.

Kwa dereva wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, kifaa hiki si pambo. Wateja humwita kwa simu, na baadhi yao humlipa kwa simu. Simu ikizimika mchana, kazi ya siku hiyo imeharibika. Tena, mtu mwenye mgonjwa usiku, aliye mbali na zahanati, humtegemea dereva ambaye simu yake ingali inaita na ambaye pikipiki yake itawaka. Lakini soketi hiyo hiyo, ikifungwa vibaya, inaweza kuzima pikipiki au hata kuiteketeza. Tuchunguze kwa nini.

Umeme wa pikipiki hutoka wapi?

Chanzo chake ni petroli. Petroli inapoungua ndani ya injini, injini huzungusha gurudumu lenye sumaku, na gurudumu hilo huzunguka karibu na koili za waya wa shaba. Sumaku ikipita karibu na koili, mkondo wa umeme hutokea katika koili. Mkondo huo hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kifaa kiitwacho rektifaya, ambacho huufanya uende upande mmoja tu. Pia volti huzuiwa zisizidi 14 na kitu. Kisha umeme huingia katika betri. Betri hiyo ina seli sita za risasi na asidi. Kila seli hutoa volti 2 hivi, nazo zimeunganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo betri nzima hutoa volti 12.

Umeme huu una kiasi chake. Pikipiki ndogo kama zile za abiria huweza kutoa wati 100 hivi, tena injini ikizunguka kwa kasi. Taa ya mbele peke yake mara nyingi hutumia wati 35. Kuna taa ya nyuma, taa za kuonyesha upande, honi, na cheche za plagi ambazo bila hizo injini haiwaki. Kinachobaki kwa ajili ya soketi si kingi.

Je, simu huhitaji kiasi gani? Kumbuka kwamba wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Simu inayochajiwa kwa volti 5 na ampea 2 hutumia wati 10. Ndani ya soketi mna kifaa kinachoshusha volti 12 ziwe 5. Upande wa betri, wati hizo 10 ni sawa na ampea 1 hivi, tukihesabu pia umeme kidogo unaopotea kuwa joto. Pikipiki hubeba mzigo huo bila shida.

Katika nchi za baridi kali, waendesha pikipiki wengine huvaa koti lenye nyuzi zinazopashwa moto na umeme wa pikipiki. Koti moja la namna hiyo huweza kuhitaji ampea 6, yaani wati 72. Pikipiki kubwa hulimudu. Hii yetu ndogo, taa ikiwa inawaka, haiwezi. Betri ingelipa upungufu huo mpaka ikaisha. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai ni za baridi katika nyanda za juu za Kigoma, lakini dereva wa Kasulu hufanya vyema kuvaa koti zito la kawaida.

Kazi ya fyuzi

Sasa tuchukue mfano wa soketi iliyofungwa kwa haraka. Fundi ameunganisha waya mwembamba moja kwa moja kwenye ncha chanya ya betri, akaupitisha chini ya tangi la petroli hadi kwenye usukani. Soketi inafanya kazi, na dereva anafurahi. Lakini barabara ya vumbi na makorongo huitikisa pikipiki kutwa, na usukani hugeuka mara elfu kwa siku. Pole pole, gamba la plastiki la waya husuguliwa na fremu ya chuma mpaka likachubuka. Siku moja shaba tupu inaigusa fremu.

Fremu imeunganishwa na ncha hasi ya betri. Kwa hiyo mkondo umepata njia fupi ya kurudi, isiyopita katika simu wala katika kitu chochote cha kuupunguza. Watu huiita hali hiyo shoti. Badala ya ampea 1, waya sasa unapitisha makumi ya ampea. Joto la waya haliongezeki sawa na mkondo, bali huongezeka zaidi sana: mkondo ukizidi mara 10, joto linalotolewa huzidi mara 100. Gamba linayeyuka, waya unakuwa mwekundu, na juu yake kuna tangi la petroli.

Fyuzi huzuia jambo hilo. Ndani yake mna kipande chembamba cha metali ambacho huyeyuka mkondo unapozidi kiasi kilichoandikwa, na mzunguko hukatika. Kwa soketi ya simu, fyuzi ya ampea 3 au 5 inatosha.

Iwekwe wapi? Wengi huiweka karibu na soketi, wakidhani kazi yake ni kulinda simu. Hilo ni kosa. Fyuzi huweza kulinda waya ulio mbele yake tu. Waya ulio kati yake na betri hauna ulinzi. Katika mfano wetu, waya ulichubuka njiani, kabla ya kufika kwenye soketi. Fyuzi iliyo kwenye usukani isingesaidia kitu. Yafaa iwekwe pale waya mpya unapoanzia, karibu kabisa na betri.

Fyuzi ikikatika, tafuta kwanza shoti iko wapi. Wapo wanaofunga karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, na pikipiki ikaenda. Hao wameondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

Jambo jingine ni ufunguo. Soketi nyingine zina kitaa kidogo kisichozimika. Kitaa kinachotumia miliampea 20 kitamaliza betri ya ampea-saa 5 kwa saa 250, yaani siku 10 na kitu. Na betri itashindwa kuwasha injini mapema kuliko hapo. Kwa hiyo soketi ipate umeme wakati ufunguo umewashwa tu.

Jaribio

Unganisha betri mbili za tochi kwa mfuatano, balbu ndogo ya tochi, na unyuzi mmoja uliochomolewa katika sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Unyuzi huo ndio fyuzi yako. Uweke juu ya kigae, usiushike kwa mkono. Balbu ikiwaka, gusisha kipande cha waya kwenye ncha zote mbili za balbu kwa mara moja. Unyuzi unafanya nini? Balbu je? Usifanye jaribio hili kwa betri ya pikipiki wala ya gari.

Maswali

1. Dereva anachaji simu mbili, kila moja ikitumia wati 10. Je, fyuzi ya ampea 1 itafaa? Eleza.

2. Kwa nini si salama kuweka fyuzi ya ampea 20 katika waya mwembamba wa soketi, ingawa fyuzi hiyo haikatiki ovyo?