KIBANDA CHA WATOTO NI SHULE, USIKIBOMOE!

Jamani, tuambiane ukweli. Mtaani kwako vijana wangapi wanaweza kupigilia msumari bila kujigonga kidole? Wa kupiga stori kijiweni wapo kibao. Mwenye randa na msumeno anatafutwa kwa tochi!

Mimi nimekulia Msanzi, Kalambo, mkoani Rukwa. Leo nawatetea watoto wanaojenga vibanda nyuma ya nyumba. Wazazi wengi wanaona uchafu tu, wanabomoa. Mzee, mama, subirini kidogo!

Ufipa kuna baridi, na upepo wake si mchezo. Ukitaka kibanda kikalike jioni lazima utumie akili. Nguzo ichimbiwe mpaka isitikisike. Nyasi zianzie chini kwenda juu, ili tabaka la juu lilalie la chini na maji yateremke. Fremu ya pembe nne inayumba. Ipigilie mti wa mshazari kona hadi kona, inatulia tuli. Hiyo ni hesabu na fizikia, tena bila viboko.

Wala si mambo mageni kwetu. Mababu wa Kifipa walijenga tanuru la udongo, ilungu, refu kuliko mtu, likayeyusha chuma kwa kuvuta upepo lenyewe bila mivukuto. Watu walioweza hayo hawakuogopa kuchafua mikono.

Faida nyingine ni tabia. Ubao ukishakatwa mfupi haurefuki, kwa hiyo kijana anajifunza kupima kwanza. Mbao ndefu haishikwi na mtu mmoja, kwa hiyo hata mbishi anaomba msaada. Na akimaliza kigoda chake cha kwanza, mama akakikalia, mwone anavyotembea!

Halafu kuna mshiko. Kila anayepanga chumba anataka kitanda, meza na mlango. Bado kuna wanaosema useremala ni wa waliofeli. Uongo mtupu! VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na tangu 2024 baadhi ya sekondari zina mkondo wa amali, yaani mwanafunzi anasoma huku akijifunza ufundi. Aliyezoea nyundo tangu utotoni anaingia huko akiwa ameshawiva.

Ila tusidanganyane, hatari zipo. Msumari ukikuchoma, osha kidonda na uende zahanati, pepopunda inaua. Msichimbe mapango kwenye kingo za udongo, zinaporomoka. Wala msikate miti kwenye msitu wa hifadhi wa Mbizi. Ombeni mabaki ya mbao kwa seremala, mengi yanaishia jikoni kama kuni.

Mzazi, usibomoe. Mpe mtoto nyundo, mwonyeshe anavyoishika, kisha kaa pembeni umwangalie. Na wewe kijana wa mjini, wikiendi hii achana na kijiwe japo saa mbili. Tengeneza kigoda. Kikiyumba, kata mguu uliozidi!