Fahamu: Msamaha uliotikisa siasa za Hungary mwaka 2024

Kwa nini rais alijiuzulu?
Mapema Februari, tovuti ya habari ya 444 ilifichua kwamba Rais Katalin Novák alimsamehe naibu mkurugenzi wa zamani wa kituo cha kulelea watoto mjini Bicske. Mtu huyo alihukumiwa kwa kuwashinikiza watoto wakanushe kwamba mkurugenzi wao aliwadhalilisha kingono. Fidesz, chama tawala wakati huo, kilijinadi kuwa mlinzi wa familia, kwa hiyo habari hiyo iliwachoma hata wafuasi wake. Februari 10 Novák aliachia ngazi. Judit Varga, aliyeidhinisha msamaha akiwa waziri wa sheria, naye akajitoa katika siasa.

Nani waliandamana?
Siku 6 baadaye, makumi ya maelfu walifurika Uwanja wa Mashujaa, Budapest. Walioitisha maandamano hawakuwa vyama, bali watu maarufu wa mitandaoni.

Péter Magyar, aliyeibuka kuwa mpinzani wa serikali, alitokea wapi?
Ni mwanasheria, aliyewahi kuwa mume wa Varga na mtu wa ndani ya mfumo. Machi alitoa rekodi ya sauti akidai wasaidizi wa serikali walichezea nyaraka za kesi ya ufisadi. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, Juni 9, chama chake cha Tisza kilipata takriban asilimia 30 na viti 7 kati ya 21.

Fidesz ilishindwa?
Hapana. Iliongoza kwa viti 11, ila asilimia 45 hivi ndio mgao wake mdogo zaidi wa kura katika uchaguzi huo tangu 2004. Viktor Orbán, waziri mkuu wakati huo, aliyezoea upinzani uliogawanyika, alikabiliwa na mpinzani mmoja aliyezijua mbinu za Fidesz.