Mgomba Uwe Ubao

Mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Mkulima wa Rugu, wilayani Karagwe, amehudumia migomba miaka mingi, na chakula cha nyumba yake hutoka humo. Kumsomea habari za bakteria kwa saa mbili ni kumpotezea siku ya kazi.

Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa zamani, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyojaribu kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO kuanzia mwaka 1968: somo lilifungamanishwa na kazi. Mnyauko wa migomba, ulioripotiwa wilayani Muleba mwaka 2006, wadai mtindo huo huo.

Somo na lianzie penye mgomba mgonjwa. Wakulima wenyewe wataje dalili: majani kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati. Kisha shina likatwe. Baada ya dakika chache ute wa manjano hujitokeza. Swali huzuka lenyewe: umefikaje humo? Sasa, wala si kabla, bakteria watajwe. Wadudu huwabeba kutoka ua dume hadi ua dume. Panga nalo huwaeneza. Ndiyo maana ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, chana la mwisho likishatoka. Kila mmoja na akishike kijiti hicho, kutazama hakutoshi.

Naye mkufunzi alichome motoni panga lililokata mgomba wa mfano, la sivyo somo lenyewe litaeneza ugonjwa. Mtihani? Arudi baada ya majuma kadhaa, ahesabu maua dume yaliyosalia mashambani.