Tarishi Ndiye Mwalimu wa Mashine

Mzigo waweza kusafiri maili elfu tano kwa meli na kwa lori pasipo kupotea, kisha ukapotea katika mita mia tano za mwisho. Kila mkazi wa Kampala aliyewahi kungojea kifurushi kutoka ng'ambo anafahamu ukweli wa neno hili. Bandari ya Mombasa imo ramanini, na barabara kuu ipitayo Malaba imo ramanini, lakini lango la nyumba yake halimo. Hapo ndipo simu huanza kulia: "Ukifika penye kinu cha unga, pinda kushoto, kisha uulize nyumba ya mwalimu."

Wafanyabiashara wa ulimwengu huiita sehemu hiyo maili ya mwisho. Aghalabu ndiyo yenye gharama kubwa kuliko sehemu nyingine zote za safari, kwa kuwa lori moja lililobeba vifurushi elfu kwa pamoja hugawanyika hapo kuwa safari ndogo ndogo elfu moja, na kila safari ina mlango wake. Ndiyo sababu makampuni makubwa yameingiza katika kazi hii akili bandia, yaani mitambo ya kompyuta ijifunzayo kwa kupitia kumbukumbu nyingi za kazi zilizokwisha kufanywa. Habari hiyo imewatia watu wengi hofu kwamba siku za tarishi zimekwisha. Yafaa basi tuitazame kazi yenyewe, ili tujue ni nani hasa anayemfundisha mwenzake.

HESABU ISIYOHESABIKA

Tarishi aliye na vifurushi 10 anaweza kuipanga safari yake kwa namna 3,628,800. Akiwa na vifurushi 15, namna hizo huzidi trilioni moja. Akiwa na 120, ambayo ni kazi ya kawaida ya siku moja kwa dereva wa kampuni kubwa, jibu lake ni namba yenye tarakimu 199. Hakuna kompyuta duniani iwezayo kuzijaribu zote moja moja. Hapana budi itafutwe njia ya mkato ya kufikiri.

Wataalamu wameitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 1959 Wamarekani wawili, George Dantzig na John Ramser, waliandika juu ya namna bora ya kuyagawia malori kazi ya kupeleka petroli kutoka ghalani hadi vituoni. Dantzig alikuwa amekwisha kufanya kazi ya mipango katika Jeshi la Anga la Marekani, na ni huko, mwaka 1947, alikogundua kanuni mashuhuri ya kugawa vitu vichache kwa mahitaji mengi. Mwaka 1960 mwanahesabu wa Kichina, Guan Meigu, naye aliandika juu ya mtu wa posta apasaye kupita kila mtaa wake na kurejea ofisini kwa mwendo mfupi kuliko wote. Kumbe shida ya mwanajeshi na shida ya mtu wa posta ni moja.

Sisi tuliopitia chuo cha maafisa twaifahamu shida hiyo. Katika mazoezi mwanafunzi hupewa ramani, dira na lori la chakula, akaambiwa awafikie wenzake kabla ya jua kuchwa. Nakumbuka nilivyochora mstari ulionyooka kabisa, nikajisifu. Sajini mmoja wa makamo aliutazama, akaniambia kwa upole, "Afande, mstari huu ni mzuri, lakini mvua ya juzi imekula daraja." Ramani yangu haikuwa na mvua ya juzi. Kichwa cha sajini kilikuwa nayo.

FUNZO LA MAREKANI

Kampuni ya UPS ya Marekani iliunda mtambo uitwao ORION wa kuwapangia madereva safari zao. Ulianza kuenezwa kwa wingi mwaka 2013, na kufikia mwaka 2016 ulikuwa umeenea katika njia zipatazo 55,000 nchini humo. Kampuni ilitangaza kwamba kwa mtambo huo inaokoa maili milioni 100 na galoni milioni 10 za mafuta kila mwaka. Haya si mafanikio madogo, wala hatuna haja ya kuyabeza.

Lakini ushindi huo haukupatikana kwa hesabu tupu. Safari iliyokuwa fupi kuliko zote katika karatasi haikuwa lazima safari aliyoweza kuikubali dereva azifahamuye tabia za mitaa na wateja wake. Wahandisi walilazimika kuzisahihisha ramani na kuupatanisha ufupi wa njia na mazoea ya kazi. Hali kadhalika kampuni hiyo inajulikana kwa kuwataka madereva wake waepuke kupinda kushoto, kwa maana katika nchi iendeshayo upande wa kulia, apindaye kushoto hungoja magari yajayo mbele yake yapite kwanza, huku mafuta yakiteketea bure. Kwetu tuendeshao upande wa kushoto, kanuni hiyo yapasa kugeuzwa juu chini. Mashine iletwayo kutoka ng'ambo ni sawa na koti lililoshonewa mtu mwingine: halina budi kupimwa upya.

Mfano wa pili ni wazi zaidi. Mwaka 2021 kampuni ya Amazon, ikishirikiana na chuo kikuu cha MIT, ilitangaza shindano kwa wataalamu wa ulimwengu mzima. Washindani walipewa kumbukumbu za safari 6,112 zilizofanywa na madereva katika miji mitano ya Marekani mwaka 2018, na zawadi ya kwanza ilikuwa dola 100,000. Msomaji angedhani ya kwamba walitakiwa kutafuta njia fupi kuliko za madereva. La hasha! Walitakiwa kuifundisha mashine ipange safari kama vile ambavyo dereva hodari angeipanga. Alama zilitolewa kwa kadiri mpango wa mashine ulivyokaribiana na mwendo halisi wa dereva aliyefanya kazi yake vizuri.

Sababu yake ilikuwa dhahiri. Madereva wenye uzoefu walikuwa mara kwa mara wakiuacha mpango wa kompyuta na kufuata wao wenyewe, kwa kuwa walijua mahali pa kuegesha gari, mtaa usongamanao asubuhi, na mlango usiofunguliwa kabla ya saa fulani. Washindi, William Cook, Stephan Held na Keld Helsgaun, walichunguza mwendo wa madereva, wakaona kwa mfano kwamba dereva hupenda kukimaliza kitongoji kimoja kabla ya kuingia kingine. Wakaigeuza desturi hiyo kuwa sheria, wakaifunga mashine kwayo. Kwa maneno mengine, mabingwa wa hesabu walishinda kwa kukubali kuwa wanafunzi wa dereva.

HAKI YA MWALIMU

Hapa ndipo penye jambo la kutafakariwa. Ikiwa ujuzi wa tarishi ndio chakula cha mashine, je, tarishi hupata nini? Katika mwaka huo huo wa 2021 Amazon ilianza kufunga katika magari ya kupelekea vifurushi kamera zenye akili bandia, zinazomtazama dereva pamoja na barabara. Kampuni ilisema ni kwa ajili ya usalama, ilhali madereva wengi walinung'unika kwamba hawaaminiwi. Ni hatari kubwa ikiwa mtu atafundisha leo, kisha kesho ahimizwe kukimbia zaidi kwa ujira ule ule na yule aliyemfundisha.

Kwetu swali hili linakuja mbio, maana pikipiki za bodaboda zimekwisha kuwa posta yetu ya mlangoni. Anwani nyingi bado ni za sanduku la posta, na sanduku halina mlango wa kubishwa. Zipo juhudi za kuliziba pengo hilo. Jirani zetu wa Tanzania waliendesha mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Zipo pia namba za mahali ziitwazo Plus Codes, zilizotolewa na Google mwaka 2014, ambazo hapa kwetu penye Ikweta huonyesha kipande cha ardhi cha mita 14 kwa 14 hivi. Lakini namba huonyesha paa la nyumba tu. Haionyeshi lango liko upande gani, wala kijia kinachogeuka tope mwezi wa Aprili, wala mbwa mkali wa jirani. Mambo hayo anayo mwendesha bodaboda.

Basi maadamu mashine hizi zitakuja, zije kwa utaratibu. Kwanza, mwendeshaji apewe nafasi ya kuukataa mpango wa mashine na kueleza sababu, na sababu hiyo iandikwe, kwa kuwa ndiyo mali yenyewe. Pili, kuisahihisha ramani kuhesabiwe kuwa kazi, nayo ilipwe. Tatu, habari za nyumba za wananchi zilindwe, kama inavyoagiza Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 hapa Uganda, ili ujuzi wa kumfikia mtu mlangoni usiuzwe kwa asiyemtakia mema.

Wahenga walinena, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mashine yaweza kupewa unahodha wa safari zetu ndogo ndogo, na huenda ikatupunguzia mafuta, muda na taabu. Lakini ubaharia wake iliupata kwa madereva na matarishi, waliokanyaga tope na kubisha hodi mlango kwa mlango. Anayeiweka kazini leo na awakumbuke watu hao siku ya mshahara.